AMRI BARABARANI: SOMO LA VITENZI KUTOKA KISUMU HADI BUSIA

Katika makala haya nakusudia kukufunza hali ya kuamuru, ile ambayo sote tuliisoma kwa mifano ya "Soma!" na "Someni!", tukaikariri kama kasuku, kisha tukaisahau kengele ilipolia. Wengi hudhani ni sehemu nyepesi mno ya sarufi, ya kupitia haraka ili tufike kwenye mambo mazito. Mimi sikubaliani nao. Amri aghalabu ni sentensi ya neno moja, na neno hilo moja likikosewa, hapana neno la pili la kulisahihisha. Wahenga walinena kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Waliosafiri kwa baiskeli wanajua kwamba mtu aweza kujikwaa vyote viwili kwa pamoja.

Mifano yangu nimeitoa katika safari ya siku tatu tuliyoifanya kwa baiskeli likizo ya Agosti iliyopita, jamaa zangu, marafiki na mimi. Soma polepole, kisha ujipime kwa zoezi lililo mwishoni.

MSAFARA WETU

Tulikuwa watu saba juu ya baiskeli saba: Baba, Mjomba, nduguye Mama, dada yangu wa miaka 13, binamu yangu wa miaka 11 aliyetujia kutoka Nairobi, marafiki zangu wawili, mmoja mzaliwa wa Mombasa na mwingine jirani yetu aliyelelewa Nandi, na mimi. Mjomba ndiye aliyebeba shehena. Baiskeli yake ni ile nzito ya chuma ambayo Wakenya huiita Black Mamba, na juu ya keria alifunga sufuria, unga, blanketi na pampu kwa vipande vya tyubu kuukuu.

Tulikuwa tukienda kumtembelea Nyanya, mama yake Baba, karibu na mji wa Busia. Kutoka Kisumu ni zaidi ya kilomita 100. Ukitoka mjini unafuata ziwa hadi Kisian, ambapo barabara ya Bondo inachepuka kushoto, nawe unaanza kupanda. Ziwa liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Maseno ni karibu mita 1,500, kwa hiyo hesabu mwenyewe mlima huo kwa miguu ya kukanyaga pedali! Hapo Maseno ndipo unapovuka ikweta. Halafu kuna Luanda, Yala, Ugunja, daraja la Mto Nzoia, Bumala, na hatimaye Busia. Usiku wa kwanza tulilala Yala na wa pili Ugunja, kwa watu wanaotufahamu.

Barabara hiyo ndiyo ya malori yaendayo Uganda. Mwendesha baiskeli hukaa ukingoni kushoto, mahali ambapo lami mara nyingi imemegeka, huku mashine kubwa zikimpita kwa upande wa kulia. Hapo hamna nafasi ya kujadiliana. Tena sisi hatukuwa wa lugha moja. Baba nyumbani husema Kisamia, Mjomba Kijaluo, jirani yetu Kinandi, yule wa Mombasa Kimvita chake, na binamu Sheng' tupu. Kiswahili ndicho kilichokuwa kamba ya kutufunga sote.

SOMO LA KWANZA: "ANGALIA!" HAITOSHI

Alasiri ya siku ya kwanza, kwenye mteremko mmoja kabla ya kufika Yala, Baba alikuwa mbele, Mjomba nyuma kabisa, na binamu mbele ya Mjomba. Lori likaja nyuma yetu kwa kasi. Mjomba akapaza sauti, "Angalia!"

Binamu akaangalia. Alifanya vile hasa alivyoambiwa: aligeuza kichwa akatazama nyuma. Ikiwa umewahi kuendesha baiskeli, wajua kwamba kichwa kikigeuka bega hufuata, na bega likifuata, usukani nao hugeuka. Baiskeli ikaacha ukingo ikaanza kuingia barabarani. Dereva alipiga honi ndefu, akapinda, akapita. Upepo wa lori ulimyumbisha mtoto akaangukia majanini. Kwa rehema za Mungu hakuumia ila mkwaruzo wa goti.

"Si uliniambia niangalie?" alimlilia Mjomba. "Nimeangalia!"

Sote tulinyamaza, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Haya, tuchambue. Kitenzi "angalia" kina maana mbili zinazotumika kila siku: kutazama kwa macho, na kuwa mwangalifu. Mjomba alituma maana ya pili, mtoto akapokea ya kwanza. "Chunga!" na "Cheki!" za vijana wa Nairobi zina kasoro iyo hiyo. Zinamwambia mtu kwamba kuna jambo, lakini hazimwambii ni jambo gani, liko wapi, wala afanye nini. Amri iliyo njema humtajia mtu kitendo chenyewe, au humtajia hatari na mahali ilipo ili ajue mwenyewe la kufanya.

Jioni hiyo, vikombe vya chai mkononi, Mjomba mwenyewe ndiye aliyesema, "Leo hakuna kulala mpaka tupatane maneno." Tukafanya baraza. Tulipatana kwamba gari likitokea nyuma, wa mwisho atasema "Gari nyuma!", na kila mmoja atashikilia ukingo bila kugeuza shingo.

SOMO LA PILI: SAUTI NA UPEPO

Kabla giza halijaingia tulijaribu maneno yetu uwanjani. Mmoja alisimama mwisho wa kiwanja, mwingine akaenda hatua mia moja, upepo ukivuma kati yao. Hapo tukagundua jambo ambalo daftarini halionekani. "Shika!" (yaani shika breki) na "Shuka!" (yaani shuka kwenye baiskeli) yanatofautiana kwa irabu moja tu, i na u. Mara tatu jirani yetu aliambiwa ashike, naye akashuka. Tulicheka hadi mbavu zikauma, lakini Baba hakucheka. Alisema, "Kwenye mteremko, anayeshuka badala ya kushika anaangukiwa na wote walio nyuma yake." Maneno yote mawili tukayatupa. Mahali pa "Shika breki" tukaweka jina tupu, "Breki!", na mahali pa "Shuka" tukaweka "Simama!".

Je, "kulia" na "kushoto"? Yote yanaanza kwa ku-, na huenda ukahofia kwamba yatachanganyika. Hayachanganyiki, na sababu yake ni mkazo, yaani shadda. Katika Kiswahili mkazo huwekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ku-LI-a, ku-SHO-to. Upepo ukiila silabi ya kwanza, ile yenye nguvu bado inafika, na LI haifanani na SHO. Kumbe kanuni tuliyoisoma darasani ina kazi yake njiani!

Hata hivyo, upande ukitajwa peke yake huleta utata. Mtu akisema "Kushoto!", je, niende kushoto au hatari iko kushoto? Tulikubaliana kwamba jina la kitu likifuatwa na upande, ni mahali pa hatari: "Shimo kushoto!" Kitenzi kikifuatwa na upande, ni njia ya kwenda: "Pinda kulia!"

SOMO LA TATU: UMOJA NA WINGI

Ukiuambia msafara wa watu saba "Simama!", kila mmoja hudhani anaambiwa mwenzake. Kwa hiyo usidharau kiishio cha wingi. Zingatia kanuni hizi:

1. Kitenzi kinachoishia kwa -a hubadilisha -a kuwa -eni katika wingi: simama, simameni, pinda, pindeni, kanyaga, kanyageni.

2. Kitenzi kisichoishia kwa -a, ambavyo vingi vyake vina asili ya Kiarabu, huongeza -ni tu: subiri, subirini, rudi, rudini, tahadhari, tahadharini.

3. Vitenzi vya silabi moja hubaki na ku-: kula, kuleni, kunywa, kunyweni. Baba alituamuru "Kunyweni maji!" kila tulipopumzika, hata asiyehisi kiu.

4. Vitenzi vitatu vina njia yao: njoo, njooni, nenda, nendeni, lete, leteni.

5. Amri ikiwa na kiambishi cha mtendwa, umoja huishia kwa -e na wingi kwa -eni: mngoje, mngojeni, lipishe (lori), lipisheni. Kwa hiyo aliyeachwa nyuma husema "Ningojeni!", na wakiwa wawili husema "Tungojeni!".

6. Kukataza hutumia -si- na kiishio -e: usipite, msipite. Vitenzi vya kanuni ya pili havibadiliki mwishoni: usirudi, msirudi.

Tazama pia kwamba -ni husogeza mkazo mbele: si-MA-ma huwa si-ma-ME-ni. Hata asiyesikia neno lote, akiisikia ile ME anajua kwamba anaambiwa yeye pia.

SOMO LA NNE: AMRI NA ADABU

Siku ya pili Baba alibadilisha mpangilio. Dada akawekwa mbele, kwa sababu msafara unaofuata mwendo wa aliye mdhaifu haumwachi mtu njiani, na ukimweka nyuma atajichosha kwa kukimbiza wenzake. Mjomba, ambaye mzigo ulimpunguzia mwendo, akamfuata. Baba akawa wa mwisho.

Tulipoacha Yala kitambo, dada aliliona shimo. Naye ni mtoto aliyefunzwa adabu. Akaanza, "Samahani Mjomba, naomba upunguze mwendo kidogo, maana hapa mbele kuna..."

Pwaa! Tyubu ya Mjomba ikapasuka. Sufuria ikabingirika hadi mtaroni.

"Mbona hukupiga kelele?" Mjomba aliuliza, akijifuta vumbi.

"Nitakuamrishaje, Mjomba?" dada akajibu, machozi yakimlengalenga.

Swali hilo si dogo, msomaji. Kwetu mtoto hamwambii mkubwa wake "Simama!" Akimhitaji asimame, hutumia kiishio -e kinachogeuza amri kuwa ombi: "Mjomba, usimame kidogo." Au huongeza "tafadhali", au huanza na "naomba". Uzuri wa lugha yetu ni kwamba ina ngazi hizo zote. Lakini kila ngazi ina urefu wake, na shimo halingoji mtu apande ngazi.

Tulipokuwa tukiziba tyubu (unaizamisha ndani ya beseni la maji, unaona mapovu yanapotokea, unakausha, unapiga msasa, unapaka gundi, unangoja ikauke kidogo, kisha unabandika kiraka), wazee walijadiliana. Baba akatoa hukumu: "Shimo halina mkubwa wala mdogo. Barabarani, mwenye kuona ndiye mzee."

Mjomba akakubali, lakini akaongeza lake, na mimi naliona kuwa ndiyo sarufi bora niliyoisikia safari nzima. Alisema mtoto asiseme "Simama!" bali ataje jina tu: "Shimo! Ng'ombe! Gari!" Nomino haimwamuru mtu. Inamjulisha, naye anajiamuru mwenyewe. Kwa njia hiyo adabu inabaki na roho inapona. Tangu hapo dada alipaza sauti bila woga. Nilimwona akiketi wima zaidi juu ya kiti cha baiskeli.

MANENO YETU MANANE

Hadi asubuhi ya siku ya tatu, tulikuwa na orodha hii, nami nakushauri uikariri kabla ya kutoka na wenzako:

1. Shimo kushoto! (au kulia). Husemwa na wa mbele, na kila mmoja humrudishia aliye nyuma yake.
2. Gari nyuma! Husemwa na wa mwisho. Kaa ukingoni, usigeuke.
3. Gari mbele! Lori linapita jingine na kuja upande wetu. Toka kwenye lami.
4. Mstari! Acheni kwenda wawili wawili, fuataneni.
5. Breki! Punguzeni mwendo sasa.
6. Simameni! Wote, bila kuuliza.
7. Ningojeni! Aliyechoka au aliyeharibikiwa. Hakuna anayeruhusiwa kulipuuza.
8. Simile! Kwa waendao kwa miguu, watupishe.

Hili la mwisho ni zawadi ya rafiki yangu wa Mombasa. Huko pwani wachukuzi na wasukuma mikokoteni hupaza "Simile! Simile!" katika vichochoro ili watu wapishe njia, na inasemekana chanzo chake ni "Bismillahi". Nalipenda neno hili kwa sababu linaomba njia bila kumtukana mtu. Sokoni Bumala tulilitumia, na ingawa hakuna aliyelijua, akina mama walicheka wakatupisha.

Siku hiyo ya tatu ndiyo iliyoyapima maneno yetu. Katika daraja la Nzoia dada alisema "Mstari!", tukavuka kama shanga katika uzi. Mbele kidogo, tukiteremka, akapaza, "Ng'ombe! Breki! Simameni!" Ndama alikuwa amekata kamba na kuingia barabarani. Sote saba tulisimama, Mjomba na mzigo wake pia, na hakuna aliyemgonga mwenzake. Wakati huohuo Baba kutoka nyuma akasema "Gari nyuma!", tukasogea majanini. Lori likapunguza mwendo, ndama akapita, lori nalo likapita. Binamu hakugeuza shingo hata kidogo. Alimtazama Mjomba, akatabasamu.

NENO LILILOZALIWA KWA KUPAZWA SAUTI

Huwezi kufika Busia kwa baiskeli bila kukumbuka neno "bodaboda". Limetoka huku mpakani. Kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda pana mwendo wa kutembea, na vijana wenye baiskeli walianza kubeba abiria na mizigo kuwavusha. Walikuwa wakiwaita wateja kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, wakalitamka Kiswahili, wakalirudia mara mbili: "Boda! Boda!" Mwito huo ukawa jina la kazi, ukaenea Kenya, Uganda na hata nje ya nchi hizo. Baadaye pikipiki zilichukua nafasi ya baiskeli katika sehemu nyingi, lakini jina halikushuka kwenye kiti.

Tazama sarufi yake. Ukimaanisha chombo, sema "bodaboda hii imeharibika". Ukimaanisha mtu, sema "bodaboda huyu amenichukua". Neno ni lile lile, ngeli mbili. Wale vijana wa mpakani hawakukaa katika kamati ya istilahi. Walihitaji neno fupi, lenye kusikika mbali, lisilochanganyika na jingine. Hizo ndizo sifa tulizozitafuta sisi pale Yala.

HITIMISHO

Nyanya alitupokea kwa vigelegele, akamwuliza Baba ni vipi aliwaleta watoto wadogo katika barabara ya malori kama ile. Baba akamjibu, "Mama, hao wadogo ndio walionileta mimi."

Basi, mwanachama mwenzangu, usiidharau hali ya kuamuru kwa kuwa ni fupi. Chagua neno lenye maana moja. Chagua neno linalosikika. Jua unamwambia mmoja au wengi. Mheshimu mkubwa wako kwa kumtajia hatari mapema badala ya kumpamba kwa "samahani" akiwa amekwisha kutumbukia. Na ikiwa utasafiri kwa baiskeli na jamaa zako, yapatane maneno kabla ya kufunga mzigo.

ZOEZI

1. Andika katika wingi: (a) Teremka! (b) Jibu! (c) Njoo! (d) Usikimbie! (e) Mpishe!
2. Eleza maana mbili za amri "Kata!" ambazo zaweza kumchanganya mwendesha baiskeli. Pendekeza neno badala yake.
3. Taja jozi mbili za vitenzi vinavyotofautiana kwa irabu au konsonanti moja tu, kama shika na shuka.
4. Geuza amri hii iwe ombi la mtoto kwa babu yake: "Ngoja!"
5. Weka alama ya mkazo: tahadhari, tahadharini. Mkazo umesogea silabi ngapi?
6. Tunga sentensi mbili ukitumia neno "bodaboda" katika ngeli mbili tofauti.

Majibu yaletwe katika mkutano wa chama. Atakayekuja nayo kwa baiskeli, aipige kengele langoni. Kiswahili kitukuzwe!